Umeajiriwa msimamizi wa wadi? Anza na kalenda

Utakapofika ofisini siku ya kwanza utakuta watu wameshakaa kwenye benchi nje. Mmoja ana fomu ya basari ya mwanawe aliye kidato cha pili. Mwingine barabara ya kwao imekatwa na mvua. Wa tatu ng'ombe wa jirani wamemmalizia mahindi. Wote watakuita mheshimiwa. Likatae jina hilo mapema na kwa upole, maana mheshimiwa wa wadi ni MCA, yule mjumbe aliyechaguliwa kuiwakilisha wadi kwenye bunge la kaunti, na akisikia kuna wa pili mtaanza kwa kununiana.

Halafu jiulize kwa kila mmoja wao: hii ni kazi ya nani? Nimefanya usimamizi wa wadi hapa pwani ya Kenya miaka mingi na swali hilo bado naliuliza kila asubuhi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo linalogawa kazi baina ya serikali ya kitaifa na kaunti, na sehemu yake inayohusu kaunti ni fupi. Ichapishe uibandike ukutani. Chekechea, zahanati na vituo vya afya, maji, masoko, barabara za kaunti, kilimo na mifugo, vyuo vya ufundi vya vijijini, taa za barabarani, leseni za biashara, zimamoto: hizo zetu. Shule za msingi na za upili, polisi na vitambulisho si zetu. Shida ni kwamba mwananchi haoni mpaka huo. Katika kiwanja kimoja cha shule utakuta darasa la chekechea lililojengwa na kaunti, mwalimu wake akilipwa na kaunti, na pembeni yake darasa la kwanza lililojengwa kwa pesa za NG-CDF, ule mfuko wa kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge, mwalimu wake ni wa TSC, tume ya kitaifa ya walimu. Choo kikibomoka mzazi haulizi kilijengwa na nani. Anakuja kwako kwa sababu ofisi yako iko karibu na mlango u wazi.

Usimfukuze kwa kumwambia "hiyo si kazi yetu". Liandike jambo lake, mpigie simu anayehusika pale pale mwenyewe akisikia, umpe jina la ofisi na siku ya kwenda. Yule wa ng'ombe ni wa chifu na wazee. Yule wa barabara, jua kwanza kama ni ya kaunti au ya KeRRA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za vijijini. Yule wa basari ana habari ndefu: kaunti nyingi zimekuwa zikitoa basari za shule za upili ilhali elimu hiyo iko chini ya serikali ya kitaifa, na mapema mwaka 2025 Mdhibiti wa Bajeti alitaka pawe na makubaliano baina ya serikali hizo mbili kabla ya pesa kutoka. Mambo yakafika mahakamani. Mzazi aliyeshika fomu mkononi hayo hayamhusu, lakini wewe yanakuhusu, usije ukamtajia tarehe ambayo si yako kuitaja.

Sasa kalenda, na hapa ndipo wageni wengi hupotea. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mgeni hudhani kazi ya bajeti ni ya Mei, kwa sababu ndipo mahema husimamishwa, umma ukaitwa, na magari ya makao makuu yakaonekana vijijini. Ukingoja Mei umechelewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na huo ni mpango wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Kufikia Februari 28 unapelekwa waraka wa mkakati wa fedha, na humo kila idara inatajiwa kiasi isichoweza kuvuka. Aprili 30 ni makadirio yenyewe. Kwa hiyo mama anayesimama Mei kuomba zahanati ya kwao iongezewe chumba cha kujifungulia anaomba kwenye bajeti ambayo mafungu yake yameshakatwa. Atapigiwa makofi, jina lake litaandikwa, na mwaka ujao atasimama tena kuomba kitu kile kile, safari hii kwa hasira.

Zunguka vijijini Julai na Agosti. Utaniambia kwamba wakati huo wakandarasi wa mwaka uliopita bado wanadai, nani atanisikiliza? Ni kweli, utasikia maneno. Zunguka tu. Na ombi unaloondoka nalo kijijini liwe na mwili: mahali, ardhi ni ya nani, kaya ngapi zitahudumiwa, fundi wa idara anakisia itagharimu nini. "Tunaomba maji" halimsaidii afisa wa mipango. "Kisima kina maji, injini ya dizeli imekufa, tunaomba sola na tangi la lita elfu kumi, na kiwanja ni cha umma" analiingiza siku hiyo hiyo.

Uwe pia na hesabu hii kichwani, maana vijana watakuuliza mbele za watu. Mwaka wa fedha wa 2024/25 kaunti zote 47 ziligawana kama shilingi bilioni 387 kutoka hazina ya kitaifa. Wadi za Kenya ni 1,450. Kijana mwenye simu atagawanya apate kama milioni 267 kwa wadi, akuulize umezificha wapi. Mjibu kwa utulivu: kwanza kaunti hazipati sawa, na pesa hizo ndizo mishahara ya wauguzi, dawa, mafuta ya ambulensi na hospitali kubwa anayoitegemea nyanya yake. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na kanuni za 2015 zinataka mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi zinashindwa na masharti hayo. Ukichukua hiyo asilimia 30 unabaki na kama milioni 80, na humo bado hujatoa miradi ya kaunti nzima. Nimeona kikao kilichokuwa kinapamba moto kikatulia kwa hesabu hii, kwa sababu watu wakioneshwa pesa zilivyo huanza wenyewe kubishana kipi kitangulie. Hapo ndipo unapotaka wafike.

Kuhusu mikutano yenyewe, jifunze kwa kaunti ya Makueni. Wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, kuanzia 2013 hadi 2022, walijenga ushirikishwaji wa umma kuanzia kijiji, vijiji vinaungana, hadi wadi, kaunti ndogo na mkutano wa kaunti nzima, na kila ngazi ikichagua watu wa kuipeleka sauti yake juu. Watu wengi husifu wingi wa mikutano ile. Mimi nasifu kwamba kijiji kilianza. Ukiita mkutano mmoja wa wadi kwenye kituo cha biashara, utawapata wenye maduka, waendesha bodaboda na wale waliozoea posho. Wa mwisho wa njia hawatakuja, na shida kubwa ziko kwao.

Saa nayo ni siasa. Mkutano wa saa tatu asubuhi unawaacha nje kina mama walio kwenye foleni ya maji. Usiite Ijumaa mchana kwenye vijiji vya Waislamu, wala siku ya soko, na kukiwa na matanga ahirisha bila kuombwa. Wakalishe kina mama kundi lao na vijana kundi lao kwanza, kisha wakutane. Kwenye kikao cha pamoja mzee akishasema, wakwe zake hawatampinga. Kama watu wanazungumza Kiduruma au Kigiriama, mkutano uwe wa lugha hiyo, na Kiswahili kibaki kwenye kumbukumbu zako. Orodha ya waliohudhuria iandikwe pale pale, si jioni ofisini. Mahakama zetu zimewahi kubatilisha sheria kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, na ushahidi wa kaunti huwa ni karatasi kama hizo zako.

Ardhi ni jambo ambalo ningelisema mara mbili kama nafasi ingeruhusu. Pwani hii imejaa watu wanaoishi kwenye mashamba ya wenyewe wasioonekana, na hata penye hatimiliki utakuta jina la babu aliyefariki zamani. Mzee mwema atakwambia, "Mwanangu, jengeni hapa, mimi nimetoa." Mshukuru, kunywa chai yake, halafu usijenge mpaka upekuzi wa ofisi ya ardhi ufanywe, familia nzima isaini, kipande kipimwe na kiandikwe kwa jina la kaunti. Tangi la maji likishasimama kwenye shamba la mtu, mzee akafa, wanawe ndio wenye kufuli. Nimezijua kioski za maji zilizofungwa hivyo, bomba zima, pampu nzima, na watu wakirudi kuchota bwawani. Mkandarasi alilipwa, mradi ulizinduliwa kwa ngoma, na kwenye ripoti umekamilika.

Mkandarasi akipatikana, kamati ya mradi ya kijiji ipewe nakala ya BQ, ile orodha ya vifaa na vipimo vya kazi. Ofisi nyingine huificha kama hati ya siri. Si siri. Tafuta fundi mstaafu wa uashi akae kwenye kamati. Huyo anajua mifuko mingapi ya saruji inatakiwa na akiona kokoto chafu anasema. Mwalimu mkuu na mchungaji ni watu wazuri lakini hawajui unene wa nondo. Na asikwambie mtu kwamba kibao cha mradi ni urembo: kiandike jina la mradi, kiasi, mkandarasi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kibao hicho kinakuokoa maswali mengi sokoni.

Ushuru wa soko na wa mazao usiupokee mkononi hata siku moja, hata mama wa nazi akikusihi kwamba simu yake haina chaji. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, na bila sheria inayoruhusu vingine huwezi kuyatumia yalikopatikana. Hospitali zilipata ruhusa hiyo kwa sheria ya 2023. Soko lako halijapata. Kwa hiyo kama choo cha soko kimejaa, ushuru wa leo hauwezi kukizibua leo, na wafanyabiashara hawatakubaliana nawe. Wana haki ya kukasirika. Peleka ombi la dharura kwa maandishi na uliambatishe na picha.

Na MCA ishi naye kwa adabu na kwa karatasi. Kazi yake ni kuwakilisha, kutunga sheria na kuikagua serikali ambayo wewe ni mtumishi wake. Mtasafiri kwenye gari moja, lakini anayekukagua hapaswi kukupangia nani apewe kibarua. Akikuagiza jambo kwa simu, mtumie ujumbe wa kuthibitisha mlichokubaliana. Asiposaini chochote, wewe saini chako. Chifu naye usishindane naye. Yuko chini ya serikali ya kitaifa, lakini watu wamezoea baraza lake tangu enzi za babu zao, na ukimwomba dakika chache mwishoni mwa baraza utafikia watu ambao tangazo lako halitawafikia.

Wa kuwatafuta wiki ya kwanza kabisa ni wahamasishaji wa afya ya jamii. Walipewa vifaa na simu 2023, kila mmoja ana kaya kama mia moja, na posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hulipwa nusu na kaunti na nusu na serikali ya kitaifa. Wanajua nyumba yenye mtoto mlemavu anayefichwa, yenye mgonjwa asiyetoka, yenye wajukuu wanaolelewa na bibi kipofu. Huduma kwa jamii ambayo watu hukumbuka ni ya namna hiyo: kiti cha magurudumu kilichofika, fomu aliyojaziwa mtu asiyejua kusoma. Posho yao ikichelewa, uliza kwa niaba yao hata kama idara hiyo si yako.

Wewe unayeingia sasa una bahati moja ambayo wengine hatukuipata. Mpango wa miaka mitano wa kaunti, CIDP, ule wa 2023–2027, unaelekea ukingoni, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Gavana atakayeapishwa atatayarisha CIDP mpya, na kwa kuwa muda huwa mfupi, maafisa wa mipango huchukua takwimu zilizo tayari. Wadi iliyo na orodha yake ya visima, hali ya kila kimoja, madarasa ya chekechea yasiyo na choo na vivuko vinavyokatika msimu wa mvua ndiyo itakayonukuliwa. Anza kuikusanya mwezi huu. Na wakati wa kampeni usivae rangi ya mtu wala kupanda jukwaa. Utaombwa na pande zote, na atakayeshinda atauliza ulikuwa wapi.

Hayo yote yaweke kwenye daftari gumu la ofisi, ukurasa mmoja kwa kila mradi: mahali, namba ya kiwanja, mkandarasi, kiasi, tarehe, mwenyekiti wa kamati, kilichobaki. Simu hupotea na barua pepe za makao makuu hubadilika. Utahamishwa wadi nyingine, pengine ghafla, na siku hiyo daftari likabidhiwe kwa saini mbele ya msimamizi wa kaunti ndogo, nakala moja uondoke nayo.