Umeanzishiwa Insulini? Jifunze Kwanza Habari ya Sukari Kushuka

Watu wengi wenye kisukari wanaoanzishiwa insulini, dawa ya kushusha sukari kwenye damu, huelekeza hofu yao yote kwenye sindano, nami nilikuwa miongoni mwao. Sasa naona kwamba sindano ndiyo sehemu nyepesi. Ile ya kalamu, yaani kifaa cha kudungia insulini chenye umbo la kalamu, ni nyembamba na fupi, nyingine zina urefu wa milimita 4 tu, na hufikisha dawa kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi bila kugusa msuli. Unachoma, unabonyeza kitufe hadi mwisho, unahesabu polepole hadi kumi ndipo uichomoe ili dawa isivuje. La kuzingatia ni kuhamahama tumboni na mapajani, kwa sababu mahali panapochomwa kila siku huota uvimbe chini ya ngozi, na insulini inayoingia humo hufyonzwa leo haraka, kesho polepole, hata ukashindwa kuelewa vipimo vyako.

Kinachostahili umakini tangu siku ya kwanza ni sukari kushuka. Insulini haijui kama umekula. Ikishaingia mwilini hufanya kazi yake, uwe umechelewa chakula, umetembea mwendo mrefu au umekunywa pombe. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, hupaswi kungoja. Kwangu mimi dalili huanzia vidoleni, vikawa vinatetemeka ninapofunga vifungo vya shati, kisha jasho la baridi hunitoka shingoni, na hasira isiyo na sababu hunipanda dhidi ya yeyote anayenisemesha. Wewe huenda ukasikia njaa kali, moyo kwenda mbio au midomo kufa ganzi. Zijue dalili zako mapema, maana sukari ikizidi kushuka akili nayo huvurugika, na aliyevurugika hushikilia kwa ukali kwamba hana tatizo lolote.

Tiba yake ni takriban gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, kwa mfano nusu glasi ya juisi ya matunda, kisha kusubiri dakika 15 na kupima tena. Kusubiri ndiko kugumu, kwani mwili hukusukuma ule kila kilichomo jikoni, na ukiutii utaikuta sukari imepaa baadaye. Chokoleti haifai wakati huo, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Tembea na sukari mfukoni, weka nyingine kando ya kitanda, na uwaeleze unaoishi na kufanya kazi nao kwamba mtu aliyepoteza fahamu hatiwi chochote mdomoni. Hulazwa ubavu, huitiwa msaada wa dharura, na hudungwa glukagoni, dawa ya kupandisha sukari haraka, ikiwa ipo.

Uhifadhi hauna mengi. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na iliyowahi kuganda hutupwa hata kama imeyeyuka.

Daftari la vipimo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko ushauri mwingi utakaopewa na majirani. Andika kipimo, saa, dozi na ulichokula, bila kuichukulia namba kubwa kama mtihani uliofeli. Kipimo kimoja hakisemi mengi, lakini vya wiki mbili vikipangwa pamoja vinaweza kuonyesha, kwa mfano, kwamba sukari yako hupanda kila alfajiri, wakati ambapo ini humwaga sukari kwenye damu kabla hujaamka. Daktari hurekebisha dozi kwa kutazama mfululizo huo, nawe usiibadilishe bila mwongozo wake.

Ukiugua na kukosa hamu ya kula, usiache insulini ya msingi, ile inayofanya kazi polepole kwa muda mrefu, kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani homa hupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Mwili uliokosa insulini huchoma mafuta na kuzalisha ketoni, ambazo huitia damu asidi. Kutapika, maumivu ya tumbo na pumzi nzito yenye harufu ya matunda ni dalili za kukimbilia hospitali saa hiyohiyo. Mwombe daktari mpango wa siku za ugonjwa sasa hivi, ukiwa mzima, na umpe nakala mtu unayeishi naye.