Barua kwa mwanangu: kuhusu uzi, hema na watu wa mwaka 1000

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, wewe, mkeo na wajukuu zangu. Sisi huku Norwich hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imekawia kuondoka.

Swali uliloniuliza kwa simu sikulijibu vizuri, kwa sababu lilinikuta nina sufuria jikoni, nami sikutaka kulipa jibu la haraka. Uliiona ile picha aliyoituma shangazi yako kwenye kundi la familia, nimekaa mbele ya hema nimevaa gauni la sufu, ukaniuliza: "Mama, watu hao wa kale si wetu, na historia hiyo si yetu. Unatafuta nini humo, na hao wenzako wanakuonaje?" Nimelifikiria swali hilo kwa siku nyingi, nami nataka kukujibu kwa utaratibu.

Kundi letu huigiza maisha ya Uingereza ya karibu mwaka 1000, zama ambazo Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa wakati huo, na watu wenye asili ya Denmark waliishi pamoja katika nchi hii, wakioana, wakifanya biashara na mara kwa mara wakiuana, kabla William wa Normandy hajaiteka mwaka 1066. Mji huu wenyewe ninaoishi ulichomwa moto mwaka 1004 na Svein, mfalme wa Denmark. Tangu majira ya kuchipua hadi Oktoba tunapiga kambi kwenye viwanja vya ngome na makumbusho, na wageni hupita wakatuona tukipika, tukifua chuma, tukichonga mbao na kushona viatu. Wakati wa baridi tunakodi ukumbi, wapiganaji wakafanya mazoezi upande mmoja, na sisi wenye kazi za mikono tukakaa upande wa pili.

Nilipojiunga, nilijishonea gauni kwa siku mbili nikadhani nimemaliza. Msimamizi wa mavazi aliligeuza ndani nje, akaona mshono wa cherehani, akaniambia kwa upole kwamba siwezi kulivaa mbele ya wageni. Nakiri kwamba niliumia, kwa kuwa unajua cherehani ndiyo iliyokulipia ada ya shule. Nililifumua lote, nikalishona upya kwa mkono, na katika majuma yale nilianza kuelewa kilichokuwa kikiwavuta watu hawa. Hawakubali jambo kwa sababu linapendeza. Kila kitu kinachoonekana kambini, kuanzia kifungo hadi chungu, sharti kiwe na mfano wake uliotoka ardhini au uliochorwa katika kitabu cha zama hizo. Hata miwani ninaivua, kwa kuwa miwani ilianza kutengenezwa Italia mwishoni mwa karne ya 13, na hivyo nikitaka kutunga uzi kwenye sindano naingia hemani, naivaa, natunga, kisha natoka.

Lakini kinachonirudisha kila mwaka ni uzi. Kifaa cha kusokotea ni kijiti chenye kizito cha udongo mviringo chini yake. Unakizungusha, unakiachia kining'inie, nacho kinasokota sufu unayoilegeza polepole kwa vidole. Mwaka wa kwanza uzi wangu ulikuwa ukikatika kila dakika. Sasa, nikiwa nimetulia, ninapata takriban mita 40 kwa saa, na ninasokota huku nikitembea na kuzungumza, kama bibi yako alivyokuwa akisuka ukili kule Pangani, akipokea wageni na kuwaamulia ugomvi wao bila mkono wake kusimama.

Siku moja nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Kitambaa cha kawaida chenye nyuzi 10 za mtande (zinazokwenda kwa urefu) na 10 za mshindio (zinazokatisha) katika kila sentimita kinahitaji mita 2,000 za uzi kwa kila mita moja ya mraba. Kwa mwendo wangu, hizo ni saa 50. Gauni kama lile uliloliona pichani limekula karibu mita 4 za mraba, maana yake ni saa 200 za kusokota peke yake, kabla ya kutandika uzi kwenye kitanda cha mfumi, kabla ya kufuma, kabla ya kutia rangi na kushona, na bila kuhesabu siku za kuosha manyoya na kuyachana. Nilikaa na karatasi ile mezani kwa muda mrefu. Ukisoma habari za zama hizo utakutana na wafalme, maaskofu na vita, na kila mmoja wa wanaume hao alikuwa amevaa miezi ya maisha ya mwanamke fulani, ambaye jina lake halikuandikwa popote. Kule West Stow, katika Suffolk, kwenye mabaki ya kijiji cha Waanglo-Saksoni cha kale kuliko zama zetu, wachimbaji walikuta vizito vya udongo vya kitanda cha mfumi, vilivyokuwa vikivuta nyuzi za mtande chini, na mtu anapokiweka kimoja kiganjani anajua kwamba kuna aliyekifinyanga, akakitoboa katikati, akakitumia hadi mwisho wa siku zake. Huyo ndiye ninayemtafuta, mwanangu. Sioni ni kwa nini asiwe wangu.

Kuhusu wanavyoniona, nitakwambia kweli. Wenzangu walinipokea vizuri tangu mwanzo. Tena kuna jambo moja lililonifurahisha sana: katika michoro ya Kiingereza ya karne ya 10 na ya 11, wanawake karibu wote wamefunika vichwa, nywele na shingo kwa kitambaa. Kwa hiyo wakati wenzangu walikuwa wakihangaika na pini na kulalamika juu ya joto, mimi nilikuwa nimeshajifunga na kumaliza, na wakaja kwangu niwafundishe. Nyama ya nguruwe siigusi, nao wanajua; chungu changu ni cha shayiri, njegere, vitunguu na kabichi. (Viazi, mahindi, nyanya na pilipili havikuwa vimefika huku, na hilo la pilipili bado sijalizoea.) Wakati wa swala ukifika naingia hemani kwangu, na hakuna anayenisumbua.

Wageni ndio huuliza, wengine kwa nia njema na wengine kwa namna nyingine, kama mtu wa rangi yangu alikuwapo hapa. Sisemi kamwe kwamba mwanamke wa Pangani aliwahi kuishi Norwich mwaka 1000, kwa sababu hilo halina ushahidi, na nikilisema nitakuwa nimeivunja sheria ileile iliyonifumulisha gauni. Nawaambia ninachokijua. Nawaambia kwamba Hadrian, abate (mkuu wa nyumba ya watawa wa Kikristo) aliyefika Canterbury katika karne ya 7 na kusimamia shule iliyosifika nchi nzima, alikuwa mtu wa Afrika ya Kaskazini. Nawaambia kwamba katika makaburi ya wanawake ya Scremby, Lincolnshire, yaliyo ya kale kuliko zama zetu kwa karibu miaka 500, zilipatikana pete za pembe zilizokuwa zikishikilia midomo ya mifuko yao, na zilipochunguzwa zikabainika kuwa za ndovu wa Afrika. Na kama mgeni ana subira, namweleza sarafu ya Offa, mfalme wa Mercia, mojawapo ya falme za Uingereza za karne ya 8, iliyomo British Museum: dinari ya dhahabu iliyonakiliwa kutoka ile ya Khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria, yenye shahada kwa Kiarabu, na katikati yake jina la mfalme kwa herufi za Kilatini, limegeuzwa juu chini kwa kuwa fundi hakuijua lugha aliyokuwa akiinakili. Nilipoiona kwa macho yangu nilisimama pale hadi mlinzi akaniuliza kama niko salama.

Na ili usiwe na wasiwasi, mapigano siyapigani. Silaha zote makali yake ni butu, hukaguliwa kabla ya kuingia uwanjani, na kupiga kichwa kumekatazwa. Kazi yangu ni kuwapelekea maji wapiganaji kati ya shambulio moja na jingine.

Uliniambia utakuwa na likizo mwezi wa Oktoba. Inshallah tutakuwa katika mji wa Battle, kule Sussex, kwenye kilima ambako jeshi la William na la Waingereza walipigana tarehe 14 Oktoba 1066. Ukija, utalala katika hema langu, na kanzu ya sufu nitakushonea mimi mwenyewe kwa mkono. Viatu itabidi tuazime, kwa hiyo nitumie kipimo cha unyayo wako kwa sentimita, na unipimie ukiwa umesimama.

Mama yako