Mhusika akibadilika rangi

SWALI: Riwaya ya Celeste Ng, Little Fires Everywhere (2017), haitaji rangi ya Mia na bintiye Pearl. Katika tamthilia ya televisheni ya 2020 iliyotokana nayo, wote ni Weusi. Si ni kubadili waigizaji tu?

JIBU: Ingekuwa hivyo, kazi ingeharibika. Kerry Washington, mwigizaji Mweusi, alipoigiza kama Mia, matukio yaleyale yalibeba uzito mwingine. Elena, mwenye nyumba Mzungu, anamtaka Mia, mpangaji wake, aje kumpikia na kumfanyia usafi. Kitabuni hilo ni suala la kipato. Mpangaji akiwa mwanamke Mweusi wa Marekani, nyuma yake ipo historia nzima ya utumishi wa ndani. Waandishi hawakuikwepa. Pearl naye ananyimwa darasa la juu la hisabati, kisha Lexie, binti wa Elena, anakigeuza kisa hicho kuwa insha yake ya kuombea chuo. (Tukio bora kuliko hotuba yoyote kuhusu ubaguzi.)

Wengi hubadili sura, mazungumzo yakabaki vilevile. Ukiandika, pitia kila tukio ujiulize: nani ana mamlaka hapa, na nani analazimika kumeza maneno? Msusi anayezijua nywele za kipilipili awemo tangu majaribio ya kamera, na taa zipimwe kwa ngozi ya kila mwigizaji, la sivyo mweusi zaidi atapotea kwenye kivuli.