Siku Bastola Ilipogeuka Kuwa ya Tanga

Kwenye simu bwana mmoja aliyekuwa akiuza bastola ya kale ya Kijerumani aliniambia ilikuwa ya marehemu baba yake, askari wa Kimarekani aliyeileta kutoka Ujerumani mwaka 1945. Bei, dola 900. Jumamosi nilipofika kwake tukasalimiana, akaniuliza kwetu wapi. Nikamjibu Tanga, Tanzania. Akanyamaza kidogo. Tulipomaliza kahawa, bastola ilikuwa imeshapigana Tanga, Novemba 1914, upande wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na bei ilikuwa imepanda hadi dola 2,200.

Nilimpa 1,800. Nikarudi nyumbani nikiendesha gari taratibu kama mtu aliyebeba mayai.

Mimi ni fundi kufuli hapa Ohio, mwaka wa kumi na nne sasa. Chuma nakijua. Nikishika kitasa cha mlango naweza kukwambia kama kimeshafunguliwa na mtu asiye fundi. Lakini siku ile sikukitazama chuma hata kidogo, nilikuwa nasikiliza hadithi. Nilitaka iwe kweli. Babu yangu alikuwa akituonyesha sehemu ambazo Waingereza na wanajeshi wao wa Kihindi walipigwa wakarudi melini, na hapa nilikuwa nimeshika kitu ambacho huenda kilikuwepo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukiona hadithi ya kitu inakugusa wewe binafsi, kiweke mezani, toka nje, upunge upepo, ndipo urudi ukitazame.

Nilichonunua wakusanyaji wanakiita Reichsrevolver, bastola ya silinda ya jeshi la Ujerumani, modeli ya 1879. Si kitu unachokutana nacho kila siku hapa Marekani. Ukienda kwenye maonyesho ya silaha za kale utakuta Colt na Smith & Wesson zimejaa meza hadi meza, na hii ukiiona moja umebahatika. Wengi wakiiona huiita Mauser au Luger, kwa kuwa hayo ndiyo majina ya Kijerumani wanayoyajua. Haina jina kubwa la kampuni ubavuni, na sababu ni kwamba haikubuniwa na kampuni. Ilichaguliwa na kamati ya jeshi, na inaonekana. Ni nzito, karibu kilo moja, imenyooka kama afisa wa forodha, na haina jambo hata moja la kukufurahisha. Smith & Wesson walikuwa wakitengeneza bastola ya kukunjika inayotema maganda yote kwa mkupuo tangu 1870. Wajerumani miaka tisa baadaye wakachagua ya kutoa ganda mojamoja.

Hapo ndipo watu hukosea mara ya kwanza kuikagua. Unavuta nyundo nusu, unafungua kilango kidogo upande wa kulia, unaingiza risasi moja, unazungusha silinda, unaingiza nyingine, mpaka sita. Kutoa maganda, hakuna kitu. Chini ya mtutu hakuna fimbo ya kusukumia. Nimeona mtu akipunguza bei ya bastola nzuri akidai "imepotea kipande". Hakijapotea. Fimbo ilikuwa kitu cha pembeni, askari aliibeba pamoja na risasi zake. Vilevile ule mkono mdogo upande wa kushoto, juu ya kifyatulio, haukuongezwa na fundi wa mtaani. Ni kizuizi cha usalama, kitu adimu kwenye bastola za silinda, na ndiyo alama ya haraka kuliko zote ya kuitambua ukiwa umesimama hatua tatu kutoka mezani. Chini ya mpini kuna pete ya kufungia kamba.

Kuna modeli mbili, na kuzitofautisha unahitaji rula tu. Ya 1879 ina mtutu mrefu wa takriban milimita 180, na mdomoni ina unene kama pete. Ya 1883 ni fupi zaidi, mtutu wake unaishia kwenye milimita 120 hivi. Zote ni za risasi ya milimita 10.6, na zile za kawaida za askari hazivuti nyundo zenyewe: lazima uivute kwa kidole gumba kila mara.

Usiku ule nikachukua taa na kioo cha kukuza, jinsi nilivyopaswa kufanya kabla ya kutoa pesa. Kwanza nilihakikisha haina risasi, tundu kwa tundu, kwa macho na kwa kidole. Usimwamini mtu anayekwambia "haina kitu", hata kama ni mke wako.

Ubavuni kulikuwa na mviringo wenye herufi: S&S, V.C.S., C.G.H., na chini yake SUHL. Hawa ni Spangenberg & Sauer, V. Chr. Schilling na C. G. Haenel, watengenezaji watatu wa mji wa Suhl waliounganisha nguvu kutimiza oda ya jeshi. Nyingine zilitoka kiwanda cha serikali cha Erfurt, nyingine kwa Dreyse wa Sömmerda. Zilizotengenezwa na Mauser huonekana kwa nadra, na mnunuzi makini atakulipa zaidi kwa hiyo alama peke yake. Yangu ilikuwa ya Suhl.

Halafu namba. Wajerumani walipiga namba kila mahali: kwenye fremu, kwenye mtutu, kwenye silinda, na tarakimu mbili za mwisho hata kwenye vichwa vya skrubu. Fremu yangu iliishia na 61. Mtutu 61. Skrubu, 61, 61, 61. Silinda, 28.

Nikaweka kioo chini, nikaenda kuchemsha chai.

Silinda isiyo yake si aibu ya bastola. Mahali fulani ghalani mtu alisafisha bastola kumi kwa pamoja akarudisha vibaya. Lakini kwa mkusanyaji ni kama ndoa ya pili, hata ikiwa ya heri haiitwi ya kwanza. Thamani inashuka, tena si kidogo.

Kisha nikatazama alama ya kikosi, kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho roho ya bastola hizi. Jeshi la Ujerumani lilikuwa na mazoea ya kuandika kwenye silaha ni ya nani: namba ya rejimenti, herufi ya aina ya kikosi, kombania au skwadroni (kundi la wapanda farasi), na namba ya silaha. Kama ingekuwa ya jeshi la makoloni, nilitarajia K.S., yaani Kaiserliche Schutztruppe. Yangu ilisomeka 13. U. 3. na namba. U ni Ulanen, wapanda farasi wa mikuki. Rejimenti ya 13 ya Ulanen makao yake yalikuwa Hannover. Bastola yangu ilizunguka na farasi wa kaskazini mwa Ujerumani, na kama iliwahi kuiona bahari, haikuwa ile ya Raskazone, Tanga.

Hata hiyo alama niliisoma kwa shida. Kuna mtu alishaipiga msasa bastola nzima mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi, herufi zikabaki kama kovu la zamani. Yule bwana aliniambia kwa fahari kwamba aliisafisha mwenyewe kabla sijafika, "ili ikupendeze". Nakuomba, kama una ya urithi kabatini, usiing'arishe. Rangi ile ya kahawia iliyotulia, inayofanana na mpini wa jembe la zamani, ndiyo pesa yenyewe. Kitambaa laini na mafuta kidogo, basi. Ukishaitia msasa, hakuna fundi duniani wa kukurudishia.

Nikaiuliza bei kwa watu wawili wanaoijua kazi. Mmoja akasema 600, mwingine 650. Iliyobaki kati ya hapo na 1,800 ndiyo ada yangu ya shule.

Tangu hapo bei naitafuta kwa njia moja. Siangalii bei zinazoombwa mtandaoni, kwa sababu kuomba si kupewa. Naangalia matokeo ya minada, bei ambayo mtu alitoa kweli, na natafuta iliyo karibu na niliyo nayo: modeli ileile, mtengenezaji yuleyule, namba zinazolingana au zisizolingana. Mfuko wa asili wa ngozi huongeza. Hadithi isiyo na karatasi haiongezi kitu. Karatasi kwa maana ya barua yenye tarehe, picha, kibali cha mwanajeshi kuleta ngawira nyumbani, kitu kinachotaja namba ya silaha yenyewe.

Na sheria nayo ni sehemu ya bei, jambo ambalo sikulijua. Hapa Marekani, sheria ya shirikisho huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale, na modeli ya 1879 imo humo. Lakini majimbo yana sheria zake, uliza la kwako kwanza. Uingereza ilikuwa hivyohivyo: ukiwa nayo kama pambo la kale, hakuna aliyekusumbua. Mwaka 2021 serikali ikaondoa aina saba za risasi kwenye orodha ya silaha za kale, na milimita 10.6 ya Kijerumani ikawa mojawapo. Kitu kilekile, chuma kilekile, kikageuka kutoka pambo la ukutani kuwa silaha inayohitaji kibali. Soko likikatwa mguu namna hiyo, bei haiwezi kubaki palepale.

Nyumbani Tanzania au Kenya usibahatishe. Hata iwe ya Mkwawa, ihesabu kuwa silaha. Ukiikuta kwenye sanduku la marehemu mzee, usiipige picha kuitafutia mteja WhatsApp, nenda polisi uwaambie ilipo. Na usithubutu kuipakia kwenye begi kuwapelekea ndugu.

Tena, usiifyatue. Watu watakuambia risasi ya .44 Russian inakaribiana nayo na huingia. Kuingia si kufaa. Chuma hiki kilikusudiwa kuhimili baruti nyeusi ya zamani, isiyo na nguvu kama ya leo, na sasa kina zaidi ya miaka 130.

Yangu sikuiuza. Inakaa kwenye kasha lenye kufuli niliyoitengeneza mwenyewe, na mwanangu wa kiume anaiita "Mhannover".

Mwezi uliopita yule bwana alinipigia tena. Amekuta kofia ya chuma ya Kijerumani chini ya ngazi, na anaamini nayo ni ya vita vya Tanga. Nikamweleza kwamba vita vile vilikuwa 1914, na kofia za chuma Wajerumani walianza kuwagawia askari wao 1916. Kimya kikapita. Kisha nikamwuliza angeniuzia bei gani kama ningekuwa mtu wa Mwanza.