Kula Mombasa siku tatu bila tumbo kulalamika

Ndugu yangu, nimekuelewa: siku tatu Mombasa na mkeo, mnataka chakula cha wenyeji, lakini unaogopa tumbo kuharibika.

Asubuhi ingieni Mji wa Kale na njaa. Mahamri kwa mbaazi za nazi ndiyo staftahi yetu, na ukichelewa utakuta sufuria tupu. Mchana kuleni wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha mlale. Joto la saa nane halina mchezo.

Jioni nendeni Mama Ngina, bustani ya ufukweni, mtazame meli zikiingia bandari ya Kilindini huku mkila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, viazi karai vya ukwaju, na madafu. Usiku, kahawa chungu na kashata. (Msiombe sukari ya kahawa, kashata ndiyo sukari.)

Kuhusu tumbo: dafu likatwe mbele yako, vya kukaanga vitoke motoni. Mimi nililazwa na juisi ya barafu, si chakula. Mkihara, nyweni ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji safi. Ikitokea damu au homa, hospitali siku hiyohiyo.

Mkija Ramadhani, mchana migahawa mingi hufungwa. Subirini magharibi.