Peni sita iliyokunjwa: niinyooshe au niiache?

Swali: Naishi Uingereza. Nimenunua mnadani sarafu ya fedha iliyokunjwa mara mbili mfano wa herufi S, uso umelika karibu wote. Muuzaji anadai ni zawadi ya wapenzi wa zamani. Nitajuaje kwamba haikupindwa na jembe la trekta tu? Na sonara akiinyoosha nipate kidani, itaharibika?

Jibu: Usiinyooshe. Thamani yake iko kwenye mikunjo hiyo.

Kwanza ipime. Peni sita (sarafu ya zamani ya Uingereza) ya Mfalme William wa Tatu, ambayo wapenzi walipenda kuikunja hivyo, ina upana wa milimita 21 hivi na uzito wa gramu 3 ikiwa mpya. Nyingi zilitolewa 1696 na 1697, Uingereza ilipoyeyusha sarafu zake kuukuu na kuzitengeneza upya, kwa hiyo vijana hawakuhangaika kuzipata. Ishike chini ya taa, mwanga uje kwa ubavu: mara nyingi kichwa cha mfalme bado kinaonekana kwa mbali, na chini yake pengine kuna herufi B, C, E, N au Y. Hizo ni alama za miji ilikotengenezwa: Bristol, Chester, Exeter, Norwich na York.

Sasa hilo jembe. Jembe huacha kona kali, mikwaruzo na ufa. Mpenzi alikunja upande mmoja juu, wa pili chini, na mikunjo yake huwa ya mviringo. Kagua migongo ya mikunjo: ikiwa imelika kuliko mabonde yake, sarafu ilibebwa muda mrefu baada ya kukunjwa. Mimi naamini alama hiyo kuliko maneno ya muuzaji yeyote. (Peni za kale zaidi zilizokunjwa mara moja katikati ni habari nyingine, katika Zama za Kati watu walizikunja kuweka nadhiri kwa mtakatifu.)

Fedha hukakamaa inapopindwa, na iliyolala ardhini miaka mingi huwa dhaifu kwa ndani. Koleo likiigeuza, inaweza kukatika palepale kwenye mkunjo. Sonara atataka kuilainisha kwa moto kwanza, na moto utaondoa rangi yake ya uzee.

Kule Oman riale za Maria Theresa huchomelewa kipete cha kuning'inizia na kuvaliwa, lakini ile ni gramu 28, pande la fedha. Hii yako mwambie sonara aizungushie fremu ya waya wa fedha, bila kuchomelea chochote, iweze kutolewa. Dawa ya kung'arishia isiiguse. Maji yaliyokenekwa na pamba laini vinatosha.