Kabla ya Kununua Taa za Chini ya Kabati, Jua Umeme Utatoka Wapi

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, taa zangu za chini ya kabati la jikoni zinawaka vizuri upande wa swichi, lakini kona ya mwisho zimefifia kabisa. Fundi anasema mkanda wa taa ni mbovu, ninunue mwingine." Nilipousoma ujumbe ule moyo uliniuma. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayaamini, nikanunua mkanda wa pili, nao ukafifia kona ile ile.

Jiko letu lilikuwa na taa moja ya dari. Ukisimama mezani, mgongo wako unaikinga, kisu kinatembea ndani ya kivuli chako. Mke wangu alijikata kidole mara mbili, nikasema basi, imetosha. Kosa langu likaanzia hapo: nilikimbilia kununua taa. Mkanda wa LED wa mita 3, volti 12, wati 14 kwa kila mita. Umeme utatoka wapi, transfoma, kile kifaa kinachoshusha umeme wa ukutani hadi volti 12, itakaa wapi, sikujiuliza. Nikamwachia fundi.

Fundi alichukua umeme kwenye soketi ya friji, akasokota nyaya kwa vidole na kuzifunga tepu nyeusi. Transfoma ya wati 40 akaisukuma juu ya kabati, nyuma ya ubao, mahali pasipopita hewa. Kutoka hapo hadi kwenye mkanda akavuta mita 5 za waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba. Taa zikawaka, tukafurahi, nikamlipa yote aliyodai.

Jioni moja mke wangu akaniita: "Baba watoto, kuna kitu kinaungua." Nikazima swichi ya taa, nikapanda kwenye kigoda, nikaondoa ubao. Ganda la transfoma lilikuwa limelainika na kugeuka rangi ya kahawia, na gundi ya tepu ikaninata vidoleni. Nikagusisha tesita, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye kiungo cha nyaya zinazoingia kwenye transfoma. Ikawaka! Swichi imezimwa, na umeme upo. Nilishuka mbio kuzima meni swichi. Fundi alikuwa amepitisha swichi kwenye waya wa niutro, unaorudisha umeme, badala ya waya wa moto, unaouleta. Nilipompigia, alisema taa za siku hizi ndivyo zilivyo. Hilo mpaka leo sijalimeza.

Nikaazima multimita, kifaa cha kupimia volti. Kwa transfoma nyingine, kwenye waya ule ule, nilipata volti 12 pale transfoma ilipo, 10.8 mwanzo wa mkanda, na mwisho wake chini ya 10. Mkanda haukuwa mbovu hata kidogo. Mita 3 kwa wati 14 ni wati 42; wati 42 kwa volti 12 ni ampia 3.5, yaani kiasi cha mkondo wa umeme, na ampia zote hizo zilikuwa zinapenya kwenye waya mwembamba kwenda na kurudi. Volti zilipotelea njiani. Na wati 42 juu ya transfoma ya wati 40, iliyofungiwa bila hewa, lazima iungue.

Kazi ya pili niliisimamia mwenyewe, kwa fundi mwenye leseni. Mkanda wa volti 24, kwa hiyo ampia zilipungua nusu. Waya wa milimita moja na nusu za mraba. Transfoma ya wati 60, maana hesabu sahihi ni kutoibebesha zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, nayo imekaa mahali mkono unafika na hewa inapita. Viungo vyote viko kwenye konekta ndani ya boksi lenye kifuniko. Mkanda uko ukingo wa mbele wa kabati, ndani ya reli ya alumini yenye kifuniko cheupe, kwa hiyo mwanga unaangukia meza, hauishii ukutani. Miaka miwili sasa, kona zote zinang'aa sawasawa, na kila mgeni anayeingia jikoni kwangu huuliza nani aliifanya kazi ile. Najivunia sana.

Ndiyo maana nawasihi: taa inunuliwe mwisho. Anza na umeme. Piga hesabu ya wati kabla fundi hajafika, umwonyeshe karatasi. Akikuambia "tepu inatosha", mshukuru aondoke. Upande wa umeme mkubwa, ule wa ukutani unaoingia kwenye transfoma, usiuguse kama hujasomea. Hata fundi akimaliza, usimlipe mpaka uzime swichi, yeye agusishe tesita pale mbele yako, nawe uione imekaa kimya. Hao wanaolala ndani ya nyumba hiyo ni watoto wako, na wewe ndiye utakayeulizwa, fundi atakuwa ameshakwenda zake.

Ndugu yangu uliyeniandikia, usinunue mkanda mwingine. Tafuta multimita leo, pima volti zinapotoka kwenye transfoma, kisha pima mwisho wa mkanda, taa zikiwa zinawaka. Nitumie namba zote mbili, pamoja na unene wa waya aliokuvutia.